Rada hutambuaje pumzi ya mtu aliye chini ya kifusi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni kijana wa Kariakoo, nauza mabegi. Siku lile jengo la ghorofa nne lilipoporomoka, Novemba 2024, nilikuwa kati ya vijana waliopanga mstari kupokezana ndoo za kifusi. Juzi jamaa yangu amenionyesha habari za mashine ya Wamarekani inayosikia mapigo ya moyo chini ya zege, eti iliokoa watu kule Nepal. Tangu hapo moyo haujatulia. Mashine hiyo ipo kweli? Inafanyaje kazi? Ingekuwepo pale Kariakoo, au kwenye machimbo na maporomoko ya matope, ingesaidia? Na je, inaweza kusema hakuna mtu kumbe mtu yupo?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa uliyoyaona siku ile. Nimefanya kazi na rada kwa miaka mingi, na miaka ya karibuni nimekuwa nikiwafundisha waokoaji kutumia vifaa vya aina hii, kwa hiyo swali lako limenigusa. Nitakujibu kwa kirefu, maana ukijibiwa kwa mkato utabaki na huzuni isiyo na sababu.

Ipo. Inaitwa FINDER. Ilibuniwa na Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA, kwa kushirikiana na Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Ukubwa wake ni kama begi la kusafiria unaloweza kuingia nalo ndani ya ndege, na uzito haufiki kilo 10. Nepal ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.8 tarehe 25 Aprili 2015. Siku chache baadaye vifaa viwili vya majaribio vilipelekwa huko, na katika mji wa Chautara, kaskazini-mashariki mwa Kathmandu, vikasaidia kuwapata wanaume wanne waliofukiwa na matofali, udongo na mbao, kifusi cha kina cha hadi mita 3. Waliofukua ni watu. Mashine iliwaambia mahali pa kufukua.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1975 mhandisi James Lin alionyesha kwamba mawimbi ya mikrowevu, aina ya mawimbi ya redio, yanaweza kupima pumzi ya mtu bila kumgusa, na katika miaka ya 1980 Kun-Mu Chen na wenzake wa Michigan State University walijenga rada za kutafuta uhai nyuma ya kuta na chini ya vifusi. Kilichokuwa kinasubiriwa ni kompyuta ndogo zenye nguvu ya kuchambua kinachorudi.

Sasa, inafanyaje kazi? Kwanza tuliondoe neno "kusikia". Rada hii haisikii chochote, inaona mwendo. Inatuma mawimbi ya redio dhaifu, dhaifu sana kuliko yanayotoka kwenye simu yako, yanapenya kwenye kifusi, na kila kitu huko ndani kinarudisha kidogo: tofali, nondo, kitanda, godoro, mtu. Kinachorudi ni fujo tupu. Lakini tofali linarudisha jibu lile lile sasa hivi na dakika moja baadaye. Kifua cha mtu anayepumua hakirudishi jibu lile lile. Fikiria msikiti uliojaa watu waliotulia wakati wa dua, na mtu mmoja katikati anazungusha tasbihi. Huhitaji kumtazama kila mmoja. Ukiweza kulizuia jicho lako lisione chochote kilichotulia, utakachobaki nacho ni vile vidole. Ndivyo kompyuta ya rada inavyofanya: inatoa kila kisichobadilika, kisha inachunguza kilichobaki kama kina mwendo wa kurudiarudia wenye kasi ya kiumbe hai.

Kasi hiyo inajulikana. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo wake hupiga kama mara 60 hadi 100. Jenereta hutikisika kwa kasi kubwa zaidi. Bati lililolegea hupigwa na upepo bila mpangilio. Kichujio cha kompyuta kinapitisha mienendo ya kasi ya pumzi na moyo, kinazuia mingine.

Ila mwendo wenyewe ni mdogo mno. Chukua wimbi la gigahezi 3, yaani linalotikisika mara bilioni 3 kwa sekunde. Urefu wake ni sentimita 10. Kifua kikipanda milimita 5, wimbi linakwenda na kurudi, kwa hiyo safari yake inapungua sentimita 1, yaani sehemu moja ya kumi ya wimbi. Hiyo rada inaiona vizuri. Moyo hali ni nyingine: mpigo wake hutikisa ngozi ya kifua kwa nusu milimita au pungufu. Ndiyo maana nakwambia, ingawa magazeti hupenda kuandika "mapigo ya moyo", kazi kubwa kwenye kifusi hufanywa na pumzi. Moyo ni ushahidi wa pili, mzuri sana ukipatikana, kwa sababu mwendo wa kasi ya pumzi unaweza kutoka kwenye kitu kinachoning'inia, lakini mwendo wenye pumzi na moyo pamoja ni wa kiumbe hai.

Hapa ndipo majengo yetu yanapoleta kazi. Zege la ghorofa lina wavu wa nondo ndani yake, na chuma hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Wimbi fupi likikuta matundu ya wavu ni makubwa kuliko lenyewe, linapita. Wimbi refu linakwama. Basi kwa nini tusitumie mawimbi mafupi tu? Kwa sababu mawimbi mafupi humezwa haraka na zege na udongo, hasa vikiwa na unyevu, wakati yale marefu ndiyo yanayokwenda mbali. Unachopata kwa nondo unakipoteza kwa kina. Vifaa vingi vya uokoaji hukaa kati ya hapo, kwenye masafa ya gigahezi chache au chini kidogo ya gigahezi moja, na kila mtengenezaji amechagua maumivu yake. FINDER ilipopimwa na waliobuni, walisema inagundua mtu chini ya mita 9 za kifusi au nyuma ya mita 6 za zege. Namba hizo zichukue kama mwisho wa uwezo wake katika hali nzuri. Mvua ikinyesha usiku kucha juu ya kifusi, asubuhi usizitegemee.

Umbali nao unadanganya. Hewani wimbi la redio husafiri sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ndani ya zege kasi hiyo hushuka hadi nusu, hata theluthi. Vifaa vinavyokadiria umbali huhesabu muda wa kwenda na kurudi, kwa hiyo kikikuambia mita 4 na katikati yenu kuna zege zito, mtu anaweza kuwa karibu zaidi ya hapo. Asiyejua hili atamwambia mwendesha kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, achimbe bila hofu mita 3 za kwanza, na hilo linanitisha kuliko kutokuwa na rada kabisa.

Nikusimulie zoezi moja. Tulimlaza kijana wa kujitolea ndani ya kalavati, tukalifunika kwa vipande vya zege na mifuko ya mchanga, tukaweka antena juu. Baada ya muda skrini ikaonyesha mstari mzuri kabisa, unapanda na kushuka mara 15 kwa dakika. Wanafunzi wakashangilia. Nikamwomba kijana, kwa redio ya mkononi, abane pumzi. Mstari ukaendelea kupanda na kushuka, mara 15 kwa dakika, kana kwamba hakuambiwa kitu. Nikamwuliza amebana? Kimya, hakuweza kujibu kwa kuwa alikuwa amebana kweli. Tulichokuwa tukikitazama ni pumzi ya mwanafunzi aliyechuchumaa nyuma ya antena, hatua mbili tu, akiandika namba kwenye daftari. Antena hairushi mawimbi mbele peke yake, mengine huvuja nyuma na pembeni. Na mtu aliye mahali pa wazi, hata kwa mawimbi yaliyovuja, anang'aa kwenye rada kuliko mtu aliye chini ya mita 2 za zege. Tukawaondoa wote, wakaenda umbali wa mita 20. Ule mstari ukafa. Tukasubiri. Polepole ukajitokeza mwingine, mwembamba, mara 11 kwa dakika. Huyo ndiye aliyekuwa kalavatini.

Nimekusimulia hilo kwa sababu ndilo jambo ninalolihangaikia kuliko yote katika kazi hii. Watu wanadhani tunachokosa ni mashine. Mashine hiyo haiwezi kufanya chochote juu ya kifusi chenye watu 100 wanaohema, kijiko kinachonguruma, jenereta, na umati uliobana hadi ukingoni ukiwa na simu mkononi. Inahitaji watu wote washuke, injini zizimwe, na pawe na utulivu wa dakika kadhaa, tena na tena, kila upande unaopimwa. Kwa mtu ambaye ndugu yake yuko chini, dakika hizo ni mateso. Anaona kazi imesimama na anapiga kelele kwamba serikali imelala. Naelewa kabisa. Lakini utulivu huo ni sehemu ya kuokoa.

Vikosi vya kimataifa vina ishara za pamoja, zilizowekwa chini ya INSARAG, mtandao wa waokoaji ulioanzishwa mwaka 1991 chini ya Umoja wa Mataifa. Mlio mmoja mrefu wa sekunde 3 maana yake acheni kazi, kimya. Milio mitatu mifupi: ondokeni, pana hatari. Mmoja mrefu na mmoja mfupi: rudini kazini. Ukiwahi kuwa kwenye kifusi tena, Mungu apishe mbali, na ukausikia ule mrefu, weka ndoo chini hapo hapo na umshike mkono mwenzako anayetaka kuendelea. Kule George, Afrika Kusini, jengo lililokuwa likijengwa liliporomoka tarehe 6 Mei 2024. Waokoaji walikuwa wakizima mitambo ili wasikilize, na mtu mmoja alitolewa hai baada ya saa 116.

Sasa Kariakoo. Kumbuka ilivyokuwa: wengine waliokwama sehemu ya chini ya jengo walikuwa wakiwasiliana na waokoaji, na walipelekewa hewa ya oksijeni, maji na glukosi. Kwa hao rada isingeongeza habari yoyote. Ilijulikana wako wapi na wako hai. Ugumu ulikuwa njia ya kuwafikia bila kuwaangushia zege lililobaki juu yao, na hilo ni suala la nguzo za kuegemeza, misumeno ya zege, na mhandisi wa majengo anayejua mzigo umelalia wapi. Rada ingesaidia kwa wale wasio na simu, wasioweza kuita, waliokuwa katikati ya tabaka. Ingesaidia kuamua tuanze kona ipi. Siwezi kukuambia ingeokoa wangapi, na yeyote atakayekutajia idadi anakubahatishia. Ninachoweza kukuambia ni kwamba katika majengo yaliyoanguka, watu wengi wanaotoka hai hutolewa katika saa za mwanzo na walio karibu: majirani, wafanyabiashara, wapita njia. Katika uokoaji ule wa Novemba zaidi ya watu 80 waliokolewa. Ndoo zako zimo humo.

Umeuliza kuhusu matope na machimbo. Hapa habari si nzuri. Maji yenye chumvi na udongo wa mfinyanzi uliolowa humeza mawimbi ya redio upesi sana. Kwenye maporomoko kama yale ya Katesh, mlimani Hanang, Desemba 2023, tope lilijaa kila mwanya, na rada isingefika mbali. Tena tope halibakizi nafasi za hewa kama zege linavyobakiza, na bila hewa hakuna pumzi ya kutafuta. Pale msaada ni wa fito za kuchomeka, mbwa, na haraka.

Machimbo nayo yana kina kisichofikika. Utakumbuka wachimbaji watano wa Nyangalata, Shinyanga, waliotolewa hai Novemba 2015 baada ya siku 41 chini ya ardhi. Hakuna rada ya kubebwa mkononi ambayo ingewaona kupitia makumi ya mita ya mwamba na udongo. Kwa machimbo, vifaa vya kusikiliza mtetemo vinafaa zaidi, vile vinavyobandikwa kwenye mwamba na kunasa mtu akigonga kwa nyundo au jiwe. Chuma ndicho kikomo kabisa. MV Nyerere ilipopinduka ziwani Septemba 2018, fundi wa kivuko alitolewa hai baada ya siku mbili ndani ya chombo kilichogeuka juu chini. Rada isingepenya bati lile hata kidogo.

Ndiyo maana kikosi kizuri hakiji na kifaa kimoja. Kinakuja na mbwa, maikrofoni za mtetemo, kamera za kuingizwa kwenye tundu, na rada, na kila kimoja kinamsaidia mwenzake. Mbwa ananusa, lakini harufu husafiri na upepo ndani ya mianya, ikatokea mita kadhaa mbali na mtu. Maikrofoni inamtaka mtu awe na fahamu agonge. Rada inamwona hata aliyezimia, almuradi anapumua. Na hapa kwetu kuna kazi ninayoifuatilia kwa furaha kubwa: pale Morogoro, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wanawafundisha panya buku kuingia kwenye mianya ya kifusi wakiwa wamevalishwa vibegi vyenye kamera. Panya akimfikia mtu, anavuta swichi ndogo iliyofungwa kwake, kisha anarudi. Panya anaingia mahali mbwa hawezi, na anamleta mwokoaji hadi kwenye uso wa mtu, kitu ambacho rada haifanyi.

Ukiwa wewe ndiye uliyefukiwa, usipige kelele mfululizo. Utamaliza nguvu na kuvuta vumbi. Funika pua kwa nguo. Tafuta bomba, nondo au ukuta, gonga mara tatu, pumzika, gonga tena. Kukiwa kimya ghafla huko juu, ujue wanakutafuta: hapo ndipo ugonge, na kama mkono unasogea, usogeze. Mkono unaopungia ni mwendo mkubwa mara nyingi kuliko kifua, na rada inauona haraka. Simu ikiwa na chaji, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, useme uko chumba gani na ghorofa ya ngapi, kisha uizime kuokoa betri.

Limebaki swali lako la mwisho, na nadhani ndilo lililokufanya uandike. Ndiyo, rada inaweza kusema hakuna mtu kumbe mtu yupo. Inaweza kwa sababu kipande cha bati la paa kimelala kati ya antena na mtu. Kwa sababu amelala ubavu na kifua chake kimebanwa, kinapanda milimita moja tu. Kwa sababu yuko mita 2 pembeni ya mahali mawimbi yalipolenga. Kwa sababu ni mtoto: mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, na kichujio kilichowekwa kwa ajili ya watu wazima kinaweza kumtupa pamoja na mitetemo ya mashine. Jengo la Huruma, Nairobi, lilipoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mtoto wa miezi michache alitolewa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na siku ya sita akatolewa mwanamke mjamzito, naye hai. Kifaa chochote kinachoonyesha skrini tupu siku ya pili hakina mamlaka ya kuwaita hao marehemu.

Kwa hiyo katika mafunzo ninakataza neno "hakuna mtu". Mpimaji anaandika "hakuna ishara", anaandika saa, mahali antena ilipokaa, ilielekea wapi, na nani alikuwa amesimama karibu. Kisha tabaka moja likiondolewa, mlio mrefu unapigwa, watu wanashuka, injini zinazimwa, na mahali pale pale panapimwa upya kutoka upande mwingine.